Nyumba Yenye Magurudumu: Kutoka Goweko Mpaka Milima ya Udzungwa

Nia yangu leo ni kuwaelezeni habari za safari niliyoifanya katika nyumba. Msidhani nimekosea kusema. Sikusafiri kutoka nyumba mpaka nyumba. Nalisafiri ndani ya nyumba yenyewe, nayo ilikuwa ikienda.

Mimi ni dereva, na kwa miaka mingi nimeendesha malori ya tumbaku na mpunga katika nchi yetu ya Unyamwezi. Mwezi wa Agosti, mwaka 2023, iliingia Goweko motakaa ambayo wengi wetu hatukupata kuona mfano wake. Kwa nje ilikuwa lori. Lakini mahali pa kuwekea mizigo palijengwa chumba cheupe chenye madirisha, mlango, na ngazi ya kukunja. Ndani mlikuwa na kitanda cha watu wawili, meza, jiko la gesi, taa zilizopata nguvu kutoka katika vioo vya jua juu ya paa, tangi la maji safi la lita 200, na choo kidogo kama kabati. Wenyewe walikuwa wazee wawili, mume na mke, watu wa Ujerumani. Yule mume aliwahi kufundisha shule katika nchi yetu alipokuwa kijana, naye alijua Kiswahili; kwa hiyo sisi sote tulimwita Mwalimu, na mkewe tulimwita Mama. Walitaka kwenda kuiona Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, wakatafuta mtu wa kuwaonyesha njia na kuwapokea usukani wakichoka. Nikakubali, nikamchukua na mpwa wangu, kijana aliyekuwa amemaliza kidato cha nne.

Kabla hatujaondoka watu walikuja kuitazama nyumba ile. Akaja na bibi mmoja, muuza michembe. Aliizunguka mara mbili, akachungulia mlangoni, kisha akauliza: "Maji mmeyabeba, moto mmeubeba, kitanda mmekibeba. Na uchafu wenu je, mnamwachia nani?"

Watu wakacheka. Mwalimu akamjibu kwa adabu ya kwamba lipo tangi la pili chini ya sakafu, ambalo hupokea maji machafu yote, na likijaa hufunguliwa kwa koki.

Bibi akasema: "Hapo pa kufungulia ndipo ninapopauliza."

Hatukuwa na la kumjibu. Tukapanda, tukaondoka, lakini swali lile lilipanda pamoja nasi.

Basi, kabla sijaendelea, yafaa niseme neno juu ya asili ya nyumba za namna hii. Katika nchi ya Uingereza gari la kulala huitwa karavani. Neno hilo asili yake ni la Kiajemi, na maana yake ni msafara. Mwaka 1885 daktari mmoja aliyeitwa William Gordon Stables, ambaye pia alikuwa mwandishi wa vitabu vya vijana, aliagiza atengenezewe gari la kukokotwa na farasi lenye umbo la nyumba, akatembea nalo katika nchi yake kwa starehe tu. Wengine wakamwiga, na mitambo ilipokuja farasi wakaachwa. Lakini katika miaka ile ile watu wa kwetu walikuwa wakiujua msafara kwa namna nyingine kabisa. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mabegani mwao pembe za ndovu kwenda pwani, na nguo na shanga na waya kurudi bara, kila mtu mzigo wa yapata frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Kirangozi alitangulia, na hema za wakubwa, vyungu na vitanda vyao vilifuata juu ya vichwa vya watu. Ile nayo ilikuwa nyumba iliyotembea, ila magurudumu yake yalikuwa miguu ya binadamu.

Na njia yetu ya kwanza ilikuwa njia yao. Ukitoka Goweko kwenda mashariki unafika Tura, ambapo misafara iliyotoka pwani ilianza kukanyaga nchi ya Unyamwezi. Na kati ya Tura na Ugogo lilikuwapo pori lililoitwa Mgunda Mkali. Liliitwa hivyo kwa kuwa maji yake yalikuwa haba na jua lake halikuwa na huruma. Waingereza Burton na Speke walipita huko mwaka 1857. Waliondoka pwani mwezi wa Juni, wakafika Kaze, karibu na mji wa Tabora wa sasa, mwezi wa Novemba. Katika mahali kama Mgunda Mkali wapagazi walikuwa na desturi ya kutirikeza. Maana yake ni hii: walipika na kunywa penye maji, wakaondoka mchana, wakaenda mpaka usiku, wakalala pasipo na maji, na alfajiri wakaendelea mpaka kisima cha pili. Mtu aliyetembea hivyo hakuhitaji kufundishwa heshima ya kisima.

Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912, nayo ikawapumzisha wapagazi wa njia ile. Siku hizi iko na barabara ya lami kupitia Nyahua na Chaya mpaka Itigi na Manyoni. Sisi tuliivuka Mgunda Mkali tukiwa tumekaa kitini. Mama alifungua bomba akaosha vikombe vya chai, na maji yakatiririka. Nikamwambia mpwa wangu: "Sikiliza sauti hiyo. Babu zako wangaliisikia hapa, wangalidhani wanaota ndoto."

Tulilala Dodoma, na siku ya pili tukashika njia ya kusini mpaka Mtera, ambako barabara hupita juu ya ukuta wa bwawa lililozuia maji ya mto Ruaha Mkuu. Tulinunua samaki wa kukaanga. Bwawa lile lina mitambo ya umeme ya megawati 80, tena lilijengwa ili liwe ghala la maji ya mitambo mikubwa zaidi iliyoko chini, mahali paitwapo Kidatu. Likumbukeni jina hilo, maana tutalirudia. Kutoka Mtera tulipanda mlima Nyang'oro polepole, tukafika Iringa jioni, ambako baridi ilitukumbusha kwamba tumekwisha toka nchi tambarare, na watu walituamkia kwa salamu yao ya "Kamwene".

Sasa, wasikizaji, nimefika mahali pa hatari. Ukitoka Iringa kwenda Mikumi hapana budi uteremke Kitonga. Barabara inashuka ubavuni mwa milima kwa kona nyingi kali. Upande mmoja ni mwamba, na upande wa pili ni korongo. Malori ya mizigo ya kwenda na kutoka Zambia hupita hapo mchana na usiku.

Mwalimu alishika usukani mwenyewe. Nilimwambia: "Mwalimu, ingiza gia ndogo sasa, kabla hatujaanza kushuka." Akaniambia kwamba breki za gari lake ni nzima, zimetazamwa na fundi. Nami nikanyamaza, na katika kunyamaza huko nilikosa. Tulipofika kona ya tatu nilisikia harufu kama ya nguo inayoungua. Mpwa wangu akaninong'oneza: "Mjomba, nyumba hii inaungua?" Mwalimu akakanyaga breki, na kanyagio likashuka mpaka chini kama mguu uliokanyaga tope.

Nikasema: "Usiache usukani. Rudisha gia moja. Sasa nyingine." Injini ikanguruma kama mnyama, gari likasita, likapungua mwendo. Mbele yetu palikuwa na mahali pa kuegesha upande wa mwamba. Tukaingia, Mwalimu akavuta breki ya mkono, na utingo wa lori moja lililosimama hapo akakimbia na mawe mawili akayasukuma mbele ya magurudumu. Mama hakusema neno. Alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Mwalimu akataka kumwagia magurudumu maji ili yapoe, lakini yule utingo akamzuia, akisema kwamba chuma cha moto kikimwagiwa maji huweza kupasuka. Tukangoja zaidi ya saa moja mpaka yakapoa yenyewe kwa upepo.

Ninyi vijana wa shule mtapenda kujua sababu. Breki huzuia gurudumu kwa kusuguana, na msuguano huzaa joto. Kwenye tambarare joto hilo hupata nafasi ya kutoka. Lakini mlimani, dereva akikanyaga breki wakati wote, joto hurundikana. Na likizidi, breki hupoteza nguvu ya kushika hata kama ni mpya. Kwa hiyo dereva wa mlimani huiacha injini izuie gari kwa gia ndogo, na breki huitumia kidogo kidogo, akikanyaga na kuachia. Madereva wa zamani walitufundisha hivi: gia ambayo ungalipandia mlima huo, shuka kwa gia hiyo hiyo. Na nyumba yenye magurudumu ni nzito siku zote, kwa kuwa mwenyewe hawezi kushusha mzigo. Mzigo ndio nyumba.

Baada ya Kitonga tulifuata bonde la Ruaha Mkuu katikati ya mibuyu mingi, tukafika Mikumi, tukageuka kusini, na baada ya yapata kilomita 60 tukafika Mang'ula, chini ya Udzungwa. Hapo msitu unaanza ghafula kama ukuta. Mbele yake ni mashamba ya mpunga na miwa, na nyuma yake mlima unapanda mpaka mawinguni. Kilele chake kirefu, Luhombero, kinapita mita 2,500. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1992, nayo ni eneo la kilomita za mraba 1,990. Ni sehemu ya milima iitwayo Tao la Mashariki, inayoanzia Taita katika Kenya na kuishia hapo. Mvuke unaotoka Bahari ya Hindi huchukuliwa na upepo, ukagonga milima hii, ukawa ukungu na mvua. Miti huipokea mvua hiyo, na majani yaliyooza chini huishika kama sifongo, kisha huiachia kidogo kidogo. Ndiyo sababu katika mwezi wa Agosti, wakati mito ya kwetu Goweko imekuwa mchanga mtupu, vijito vya Udzungwa vilikuwa vikiimba.

Tulipiga kambi nje ya hifadhi. Mama mmoja alituuzia ndizi, tukazungumza naye habari za kuni. Alitueleza ya kwamba zamani wanavijiji waliruhusiwa kuingia msituni siku maalumu kuokota kuni kavu, lakini mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikomeshwa. Wengine sasa hupanda miti yao wenyewe, wengine hununua mkaa, na wengine huwasha pumba za mpunga. Akasema: "Tumeacha kuni za mlimani, lakini tumbo halijaacha kutaka kupikiwa." Hakulalamika kwa hasira. Alisema tu kama mtu anayetaja bei ya kitu alichokwisha kinunua, nacho kilikuwa ghali.

Jua lilipokuchwa nilimwona Mwalimu ameinama nyuma ya gari. Tangi la uchafu lilikuwa limejaa na harufu imeanza kutoka. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na mfereji uliomwagika katika kijito. Mkono wake ulikuwa juu ya koki. Akaniambia: "Ni maji tu. Yatakwenda zake, mtoni hakuna kitu kinachokaa."

Wasikizaji, nawaambieni kweli kwamba niliona haya kusema. Yeye ni mzee wangu, ni mwalimu, tena ndiye aliyenipa kazi na ujira wangu u mfukoni mwake. Mpwa wangu alinitazama aone nitafanya nini. Nikakumbuka jinsi nilivyonyamaza Kitonga. Nikasema: "Mwalimu, niwie radhi. Tafadhali usiifungue koki hiyo. Yule mama wa ndizi amekatazwa hata ukuni mkavu, ili mlima huu utoe maji safi. Kesho asubuhi watoto wake watakuja na ndoo katika kijito hiki. Sisi tumekuja leo, kesho kutwa tutaondoka. Na yule bibi wa Goweko alituuliza, nasi hatukumjibu."

Hakusema neno. Aliinuka, akapanda ngazi, akafunga mlango. Usiku ule nililala nikidhani kazi yangu imekwisha.

Alfajiri nikasikia ndoo zikigongana. Mwalimu alikuwa amemwamsha mlinzi wa kambi na kumwuliza lilipo shimo la choo. Lilikuwa mbali kidogo, upande wa juu wa barabara, mbali na maji. Tukafunga vitambaa puani, tukachota ndoo kwa ndoo, tukabeba, tukamwaga shimoni. Tulikwenda na kurudi mara kumi na nne. Katika mara ya kumi mpwa wangu akasema: "Mjomba, leo tumekuwa wapagazi." Mwalimu akacheka mpaka ikambidi aweke ndoo chini. Kisha akaniambia: "Mara mbili ulijua, na mara moja ulinyamaza. Usininyamazie tena."

Siku hiyo nyumba tuliiacha chini, kwa sababu hakuna barabara ya motakaa ya kupandia milima ile. Watu huenda kwa miguu, wakiongozwa. Tulipanda mpaka maporomoko ya Sanje, ambako mto huanguka mita 170 kwa ngazi tatu. Njiani tuliwaona mbega wekundu juu ya miti, ambao hawapatikani duniani ila katika milima hii na karibu yake. Wako na kima wengine wa rangi ya kijivu, ambao wataalamu hawakuwatambua mpaka mwaka 1979, waliposikia sauti yao msituni. Nao sasa huitwa kwa jina la Sanje. Tulisimama juu ya maporomoko tukaona bonde lote la Kilombero, na miwa iliyokuwa ikinyweshwa na maji ya mlimani. Kaskazini yake ni Kidatu, ambako Ruaha Mkuu hupita kando ya milima hii na kuzungusha mitambo ya megawati 204.

Lakini umeme nao una deni lake. Upande wa kusini wa safu hii hii ya milima yako maporomoko ya Kihansi. Mwaka 1996 wataalamu walimkuta huko chura mdogo sana, wa rangi ya manjano, asiyetaga mayai bali huzaa watoto, naye aliishi katika unyunyu wa maporomoko yale tu. Maji yalipogeuzwa kwenda katika mitambo ya megawati 180, unyunyu ulipungua. Ugonjwa nao ukaja, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba vyura hao hawapo tena mwituni. Bahati njema wengine walikuwa wamepelekwa Marekani na kuzalishwa huko, na mwaka 2012 walianza kurudishwa Kihansi, ambako mabomba yaliwekwa ili kuwanyunyizia maji. Mwalimu aliposikia habari hiyo alisema: "Ukigeuza maji, sharti ujue yalikuwa yakimnywesha nani."

Tulirudi salama. Nilipofika Goweko nalikwenda kwa yule bibi, nikanunua michembe, nikampa jibu lake: kwamba tulikaribia kumwachia uchafu mama asiyetujua, lakini mwishowe tuliubeba wenyewe. Bibi akanipimia michembe, akaongeza konzi moja juu. Ndiyo ilikuwa hukumu yake.

Basi, ndugu zangu, yashikeni mambo haya matatu. Kwanza, ninyi mtakaokuwa madereva, chagueni gia kabla ya mteremko, wala msingoje harufu. Pili, wenye vijiji vinavyopitiwa na wageni wa namna hii wawaonyeshe mapema mahali pa kuegesha na shimo la kumwaga, lililo mbali na kisima, wala wasione haya kuwauliza kama alivyouliza bibi. Mgeni hajui mpaka aambiwe. Tatu, mtu akiona jambo baya linataka kutendeka, aseme kwa adabu, lakini aseme. Kwa maana ukimya wa adabu ungaliweza kutuua sote Kitonga.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni aliyekuja na nyumba yake ni mgeni vile vile, na maji anayoyakuta ni ya mwenyeji.